Kupona na Kuponea: Sanaa, Bustani na Ardhi kutoka Rugerero hadi Mudende

Ikisiri

Makala hii inahakiki ukumbusho wa mauaji ya kimbari uliojengwa Rugerero, wilayani Rubavu, Rwanda, kati ya mwaka 2004 na 2007, pamoja na kauli inayoandamana nao kila unapotajwa, kwamba sanaa huponya. Kwa kuitazama minyambuliko ya kitenzi *-pona*, inadaiwa kuwa thamani ya kazi hiyo imo katika mahali ilipowapatia manusura pa kuponea, wala haimo katika nguvu ya rangi na vigae vyenyewe. Dai hilo linapimwa kwa kisa cha Mudende, umurenge mwingine wa wilaya hiyo hiyo, ambako manusura wa mwaka 1997 walitoka na uhai wao pasi na ardhi.

Kitenzi kimoja, hali mbili

Mtu aliyetoka hai katika basi lililopinduka na mtu aliyeinuka kitandani baada ya homa ya wiki tatu husemwa kwa neno moja katika Kiswahili: wamepona. Lugha haikutenga kuokoka na kurudiwa na afya. Mara nyingi hakuna hasara katika jambo hilo, kwa sababu muktadha hueleza kilichokusudiwa. Hasara huonekana pale ambapo mtu mmoja amepona kwa maana ya kwanza na hajapona kwa maana ya pili, na akaendelea kuishi katikati ya maana hizo mbili kwa miaka kumi, ishirini, thelathini.

Kinyarwanda kimetenga. *Kurokoka* ni kuokoka na kifo. *Gukira* ni kupata nafuu ya ugonjwa au jeraha. Waliosalia baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 huitwa *abacitse ku icumu*, watu walioponyoka mkuki. Jina hilo linaeleza tendo moja la kale, yaani mkuki ulirushwa na haukupata. Halisemi lolote kuhusu hali ya mtu baada ya mkuki kupita. Kwa hali hiyo Wanyarwanda wana maneno mengine: *ibikomere*, majeraha, na *ihahamuka*, neno lililoenea baada ya 1994 kutaja kile ambacho Kiswahili hukiita kiwewe, likiwa na picha ya mtu aliyekatikiwa na pumzi kwa hofu.

Suala hili lina uzito wa kiutendaji. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na kabla ya sheria hiyo kilikuwa tayari lugha ya soko, ya gereji na ya mpaka katika mji wa Gisenyi, unaotazamana na Goma. Maandishi kuhusu kumbukumbu, yaliyozoea Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, sasa yanapaswa kusemwa pia kwa Kiswahili. Mfasiri anayekutana na kazi kama ile ya Rugerero huchukua njia fupi na kuandika “sanaa ya uponyaji” au “sanaa inayoponya.” Sarufi yake ni sahihi. Kinachohitaji kuhakikiwa ni madai yaliyojificha ndani ya sarufi hiyo.

*Kuponya* ni kauli ya kutendesha. Inadai mtendaji mwenye nguvu na mtendwa anayepokea. Ukisema sanaa imewaponya manusura, umeiweka sanaa mahali pa tabibu, na nyuma yake umemweka msanii. Manusura umewalaza kitandani. Lakini kitenzi hicho hicho kina mnyambuliko mwingine usiotumiwa sana na wahakiki: *kuponea*. Mitaani tunaujua katika usemi wa kuponea chupuchupu au kuponea tundu la sindano. Kauli ya kutendea, kama tujuavyo, hubeba pia maana ya mahali na ya chombo, ndiyo sababu tuna chumba cha kulia na kiti cha kukalia. Mahali pa kuponea ni mahali ambapo mtu hupona akiwa hapo, na mwenye kupona ni yeye. Mahali hapajidai kumponya.

Fasihi ya Kiswahili ina mfano mkongwe wa jambo hili, na kwa bahati njema umebebwa na jina la mtunzi wake. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, miaka miwili baada ya kufiwa na mumewe, Bwana Mataka wa Siyu. Aliutunga kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Wahakiki wameuchambua utendi huo kwa jicho la ndoa, la utii na la nafasi ya mwanamke, na ni haki yao. Jambo lililosemwa kidogo ni kwamba ni kazi ya sanaa iliyofanywa na mtu anayeumwa, na haikumwondolea ugonjwa. Miaka michache baadaye alifariki. Alichokifanya utendi ule ni kupanga kilichokuwa kinabaki: wosia, dua, na binti aliyekuwa hajui ataishi vipi bila mama. Kwa kipimo cha *kuponya* utendi ule ulishindwa. Hakuna msomaji wa Kiswahili anayeuona umeshindwa.

Kaburi la Rugerero

Rugerero iko nje kidogo ya mji wa Gisenyi. Baada ya 1994 palijengwa hapo kijiji cha manusura, nyumba zikiwa zimepangwa kwa safu kama ilivyokuwa desturi ya makazi mapya ya nchi nzima, na karibu yake palikuwa na kaburi la pamoja. Mwaka 2004 alifika hapo Lily Yeh, msanii Mmarekani aliyezaliwa China mwaka 1941 na kukulia Taiwan, kwa mwaliko wa mtumishi wa Msalaba Mwekundu wa eneo hilo. Alichokiona kilikuwa bamba la zege lililowafunika watu wasiohesabika kwa majina, katika hali ambayo haikuwastahi waliolala wala kuwatuliza waliokuja kuwalilia.

Yeh hakuwa mgeni wa kazi za namna hiyo. Mwaka 1986, kaskazini mwa Philadelphia, alianza kusafisha kiwanja kilichotelekezwa kwa ruzuku ya dola 2,500 akisaidiwa na watoto wa mtaa; kiwanja hicho kikazaa taasisi ya Village of Arts and Humanities, ambayo iligeuza viwanja vingi vya mtaa huo kuwa bustani zenye kuta za nakshi ya vigae. Katika miaka ya 1990 alifanya kazi pia Korogocho, Nairobi, jirani na jaa la Dandora. Kwa hiyo alipofika Rubavu alikuwa na mbinu mkononi: kupata eneo lililoharibika, kukusanya wenyeji, kuvunja vigae, kujenga. Mbinu iliyokwisha kufanikiwa kwingine ni jambo la kuangaliwa kwa tahadhari, na mhakiki ana haki ya kuuliza ni kiasi gani cha Rugerero kilikwisha kuamuliwa Philadelphia.

Jibu linapatikana katika mpangilio wa kazi, na jibu hilo ni zuri kuliko linavyotarajiwa. Kazi haikuanza kwa rangi. Ilianza kwa mifupa. Mabaki ya waliouawa yalihitaji chumba, paa na mlango. Yalihitaji kile ambacho Wanyarwanda hukiita *gushyingura mu cyubahiro*, kuzika kwa heshima. Ukumbusho uliozinduliwa Aprili 2007 una chumba cha mifupa, na juu na pembezoni mwake umefunikwa kwa nakshi ya vigae iliyotengenezwa na wanakijiji waliofundishwa kazi hiyo. Pambo lilikuja kuvishwa kitu ambacho kilikwisha kuwa na haja yake. Mtu akiling'oa pambo lote leo, kaburi litabaki kaburi lenye heshima. Ni kazi chache za sanaa ya kijamii zinazoweza kupita mtihani huo.

Inafaa kukumbuka kilichokuwa kikiendelea nchini katika miaka hiyo hiyo. Mahakama za gacaca zilianza kwa majaribio mwaka 2002, zikaenea nchi nzima mwaka 2005, na zikafungwa mwaka 2012. Maana yake ni kwamba vigae vya Rugerero vilibandikwa katika kipindi ambacho kila wiki, juu ya vilima vya Rwanda, watu walikaa kusikiliza nani alimuua nani na mwili ulitupwa wapi. Taarifa za namna hiyo ndizo zilizowezesha mabaki mengi kupatikana na kuzikwa. Wasimuliaji wa mradi wa Rugerero, wakiwamo watayarishaji wa filamu ya *The Barefoot Artist* ya mwaka 2014, hukaza macho yao kwa msanii na safari yake ya moyoni, na hilo ni haki ya filamu ya maisha ya mtu. Lakini mtazamaji asiyeijua Rwanda anaweza kutoka akidhani kwamba palikuwa na kimya, kisha ikaja rangi. Hapakuwa na kimya. Palikuwa na kelele ya ushahidi, na katikati ya kelele hiyo watu fulani walipata saa kadhaa za siku za kuinama juu ya kazi isiyodai waseme.

Vigae si watu

Kila anayeandika kuhusu nakshi ya vigae vilivyovunjwa hufika mahali pamoja: vipande ni maisha yaliyovunjika, na ukuta uliokamilika ni maisha yaliyounganishwa upya. Sitiari hii inavutia, na kwa sababu hiyo hiyo inapaswa kukataliwa. Vigae vya mafundi huvunjwa makusudi, kwa nyundo, na fundi huyo huyo atakayevipanga. Kigae kilichovunjwa hakikumbuki kilipokuwa kizima. Kikikosa nafasi ukutani hutupwa, na kingine huchukuliwa. Hakuna hata moja kati ya haya linaloweza kusemwa juu ya mjane wa Rugerero bila kumdhalilisha. Sitiari inayomgeuza mtu kuwa malighafi, hata kwa nia njema, inarudia kwa sauti ya upole jambo lililofanywa mwaka 1994 kwa sauti ya ukatili.

Uzuri wa vigae uko kwingine, na ni wa kawaida kabisa. Ni kazi inayofundishika kwa siku chache. Haihitaji shule wala kipaji cha kuchora. Inakwenda polepole, kipande baada ya kipande, na inaruhusu watu wengi kuifanya bega kwa bega bila kutazamana usoni. Anayetaka kuzungumza huzungumza. Asiyetaka ana sababu ya kunyamaza, kwa maana saruji itakauka. Mtu ambaye mchana wake wote ulikuwa wa kuwaza anapata mchana wenye kitu cha kumaliza. Haya yangeweza kusemwa pia juu ya kusuka vikapu au kupalilia viazi, na ndivyo ilivyo. Kikundi cha wanawake wapiga ngoma cha Ingoma Nshya, kilichoanzishwa mwaka 2004 na Odile Gakire Katese kusini mwa nchi, kilitumia mantiki iyo hiyo kwa chombo ambacho mila ilikuwa imewanyima wanawake: mikono yenye kazi moja, kwa wakati mmoja, ya watu ambao vinginevyo wangekwepana njiani.

Lipo pia suala la kudumu. Vigae ndani ya saruji hustahimili mvua za Rubavu. Rangi haistahimili. Sehemu ya pili ya mradi ilikuwa kupaka kuta za nyumba za kijiji, michoro mingi ikiwa imetokana na michoro ya watoto: maua, wanyama, maumbo ya duara na pembe. Kwa jicho la picha hii ndiyo sehemu ing'aayo zaidi, na ndiyo inayochapishwa sana. Kwa jicho la uhakiki ni sehemu dhaifu. Ukuta uliopakwa rangi ni ahadi ya kuupaka tena. Asiye na fedha ya sabuni hatanunua rangi, na ua lililobabuka ukutani huhuzunisha kuliko ukuta usiopakwa kitu. Mambo yaliyofuata katika mradi, yaani matangi ya kuvunia maji ya mvua na mafunzo ya ushonaji, hayapigwi picha sana. Hata hivyo ndiyo yaliyokiri kwamba ua la ukutani halinywesheki.

Bustani, akarima na mahali pasipo vumbi

Yeh ameeleza mara nyingi kwamba kazi yake yote inatafuta kitu alichokijua katika uchoraji wa mandhari wa Kichina aliofundishwa ujanani: ulimwengu usio na vumbi, mahali pa utulivu ambapo roho hupumzika. Ni wazo lenye historia ndefu na heshima yake. Likiletwa Rubavu linakutana na udongo wenye maoni tofauti. Wilaya hii iko chini ya volkano. Nyiragongo ililipuka Januari 2002, na tena Mei 2021, na mara zote mbili watu wa Goma walivuka kuja Gisenyi wakiwa na magodoro vichwani. Udongo mweusi unaootesha viazi vya Mudende ni majivu na mawe ya moto yaliyopoa. Hapa vumbi ni asili ya chakula, na mwenyeji hana haja ya mahali pasipo nalo.

Lugha nayo inasema jambo. Kinyarwanda kimeazima neno la Kiswahili *bustani* na kulifanya *ubusitani*, na kwa kawaida hulitumia kwa eneo la maua na nyasi, la kupendeza macho, mbele ya hoteli au ofisi. Bustani ya mboga nyuma ya jikoni ina jina lake la asili, *akarima k'igikoni*, shamba dogo la jikoni. Neno la kuazima lilikwenda kwa uzuri. Neno la nyumbani lilibaki na chakula. Mwandishi wa Kiswahili anayesifu “bustani ya uponyaji” anapaswa kujiuliza anaisemea ipi kati ya hizo mbili. Huko Nyanza ya Kicukiro, Kigali, msanii Bruce Clarke alianzisha mwaka 2000 bustani ya kumbukumbu ambayo wazo lake la msingi ni mawe yanayowekwa na ndugu wa marehemu, jiwe kwa mtu. Hiyo ni *ubusitani* kwa maana yake kamili, na inajua hivyo: haijidai kulisha. Inampa kila aliyekufa uzito unaoweza kubebwa kwa mikono miwili.

Gacaca yenyewe, na hili husahauliwa, ni jina linalotokana na majani mafupi ambayo watu walikalia walipokuwa wakiamua mashauri. Mahali palitangulia, sheria ikachukua jina la mahali.

Kijiji cha Rugerero, kwa kipimo hiki, kilikuwa na bahati katika msiba wake. Kilikuwa na nyumba, hata zikiwa duni. Kilikuwa na kaburi lake karibu, kwa umbali wa kutembea. Kilikuwa na kiwanja ambacho hakuna aliyetarajia kukinyang'anya. Wenyeji walipobandika kigae mwaka 2006 walijua kwamba mwaka 2016 kigae kitakuwa pale pale na wao watakuwa jirani yake. Mbinu ya Philadelphia ilifanya kazi kwa sababu ilikuta masharti hayo yametimia, na serikali pamoja na manusura wenyewe ndio walioyatimiza, kabla ya msanii kufika.

Mudende

Kutoka Rugerero kupanda kuelekea kaskazini mtu hufika Mudende, kwenye miteremko ya baridi inayotazama volkano. Hapa ndipo Waadventista walipofungua chuo kikuu chao mwaka 1984. Aprili 1994 watu waliokimbilia chuoni hapo waliuawa, na baada ya vita chuo kilihamia Kigali. Miteremko hulimwa viazi mviringo na, katika sehemu hii ya nchi, pareto pia, ua jeupe lenye kitovu cha njano ambalo mgeni akiliona shambani hudhani limepandwa kwa uzuri wake. Limepandwa kuua wadudu.

Baada ya mauaji ya kimbari palianzishwa Mudende kambi ya wakimbizi. Walikuwa Watutsi wa Kongo, wengi kutoka Masisi na maeneo mengine ya Kivu ya Kaskazini, waliofukuzwa kwao. Watu waliosema Kinyarwanda nyumbani na Kiswahili sokoni. Tarehe 22 Agosti 1997 kambi ilishambuliwa na waasi waliotokana na jeshi la zamani na Interahamwe. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba mwaka huo huo ilishambuliwa tena. Mamia ya watu waliuawa katika mashambulizi hayo mawili. Waliopona, na hapa kitenzi kinabeba maana ya kwanza tu, walihamishiwa Gihembe, karibu na Byumba, kaskazini mwa nchi.

Kambi ya Gihembe ilikaa kileleni mwa kilima, na kwa zaidi ya miaka ishirini mvua ilichimba makorongo pembezoni mwake mpaka nyumba zikawa hatarini kuporomoka. Mwaka 2021 wakazi wake walihamishwa tena, safari hii hadi kambi ya Mahama, wilayani Kirehe, karibu na mpaka wa Tanzania. Mtoto aliyezaliwa Mudende wakati wa mashambulizi alikuwa mtu mzima wa miaka 24 siku alipopanda basi la Mahama, na hakuwahi kuishi katika ardhi iliyotarajiwa kuwa yake.

Kisa hiki kinaipa nadharia ya sanaa inayoponya mtihani ambao Rugerero haikuweza kuupa. Wakimbizi wa Mudende hawakukosa sanaa. Wakimbizi wa Kivu ni waimbaji, wachezaji na wasimulizi, na kambi za Rwanda zimekuwa na kwaya, vikundi vya ngoma na mashairi ya kumbukumbu. Hawakukosa jamii pia. Kuna vijiji vingi vya kawaida ambavyo watu wake hawajuani kama watu wa Gihembe walivyojuana. Walichokikosa ni kiambishi kile kidogo cha kutendea, *-e-*, yaani pahala. Wafu wao walibaki Mudende na Masisi. Kaburi ambalo Rugerero ililivisha vigae lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. La kwao lilikuwa mwendo wa siku nzima kwa basi, na kwa wengine ng'ambo ya mpaka ambao hawakuthubutu kuuvuka. Nakshi ya vigae haiwezi kubandikwa juu ya hema, wala ukuta haujengwi na mtu ambaye korongo linamkaribia kila masika.

Ingekuwa dhuluma kumlaumu Lily Yeh kwa jambo hili. Alialikwa Rugerero, akafanya kazi Rugerero. Lawama ni ya uhakiki, hasa uhakiki unaoandikwa mbali, unaochukua mafanikio ya kijiji chenye ardhi na kuyatangaza kuwa sifa ya sanaa popote iendapo. Kauli ya kutendesha ndiyo inayowezesha utangazaji huo. Ikiwa sanaa ndiyo inayoponya, basi inaweza kufungwa katika sanduku na kupelekwa kambini, na wafadhili wakaridhika. Ikiwa watu hupona mahali, mtu hulazimika kwanza kuuliza mahali hapo ni pa nani.

Kirehe, ambako wakimbizi wa Mudende wameishia, ndiko iliko Nyarubuye, na Nyarubuye ndiko kulikohifadhiwa imigongo, sanaa ya kale ya Gisaka ambayo simulizi humpa Kakira, mwana wa mtawala wa huko, sifa ya kuianzisha alipokuwa akipamba kuta za nyumba yake. Aprili 1994 maelfu ya watu waliuawa katika parokia ya Nyarubuye. Baada ya hapo wanawake wa eneo hilo, wengi wao wajane, walijiunga katika ushirika na kuifufua sanaa hiyo, bila kungoja mtu wa kuwaambia kwamba itawaponya. Waliiuza. Mapato yalikuwa sababu yao ya kwanza, na uhakiki usione haya kuiandika sababu hiyo kwanza.

Lakini angalia kinachohitajika ili kuifanya. Migongo ya maumbo hufinyangwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Rangi nyeusi hutoka katika majivu ya maganda ya ndizi, utomvu wa mshubiri na matunda ya mtobotobo. Nyekundu na nyeupe hutoka ardhini, katika udongo wa rangi hizo. Kila kipande cha imigongo ni orodha ya vitu vilivyomo katika boma la mtu: zizi, mgomba, ua wa mshubiri, shimo la udongo ambalo jirani hakukatazi kuchimba. Mwanamke wa Nyarubuye hutoka nje ya mlango wake na kuvichukua. Mwanamke aliyetoka Mudende kupitia Gihembe yuko leo katika wilaya hiyo hiyo, anaweza kujifunza maumbo yale kwa wiki chache, na mkono wake hauna upungufu. Samadi, maganda ya ndizi na udongo itambidi avinunue, kwa sababu kambini mtu hupewa kibanda na nambari, hapewi shamba.